Nani Hubeba Mashaka ya Njia: Safari ya Kukodi Katika Historia ya Karagwe

Neno nauli lilisafiri mbali kabla ya kufika Ihanda. Sisi tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa mabaharia wa Bahari ya Kati waliosema Kigiriki, ambao kwao naulon yalikuwa malipo ya kupanda chombo. Neno hilohilo liliingia Kilatini pia, likazaa noleggio la Kiitaliano, ambalo leo limeandikwa juu ya milango ya ofisi za kukodisha magari katika kisiwa cha Sicily. Mgeni anayetaka kutoka Palermo kwenda Catania, miji ya kisiwa hicho iliyoachana kwa kilomita zipatazo 200, huagiza gari akiwa bado kwao, huambiwa bei moja ya safari nzima, na akishuka kwenye ndege humkuta dereva anamngoja na kibao chenye jina lake. Mkazi wa Ihanda wilayani Karagwe anayekodi gari limfikishe mgonjwa wake Bukoba, mwendo wa kilomita 120 hivi, anafanya jambo lilelile, na analipia kwa neno la ukoo mmoja. Kinachowatenganisha ni swali moja ambalo mgeni wa Palermo hana haja ya kuliuliza na mtu wa Ihanda hawezi kulikwepa: likitokea la kutokea njiani, hasara ni ya nani?

Kiswahili kimetupa neno zuri la kulishika swali hilo. Mashaka ni shida na taabu, na mashaka ni pia kutokuwa na hakika. Safari ina yote mawili. Mafuta, tairi na siku ya dereva vina hesabu yake, lakini anayekodi gari ananunua zaidi ya hivyo. Ananunua ridhaa ya mtu mwingine ya kuyabeba mashaka ya njia kwa niaba yake, na kuyabeba tangu mapema, kabla mvua haijanyesha na kabla kizuizi hakijawekwa. Hoja yangu ni kwamba ukiisoma historia ya Karagwe kwa jicho hilo, tangu misafara ya wapagazi hadi gari ndogo za leo, utaona kuwa wepesi wa safari haukuletwa na chombo peke yake. Uliletwa na mtu au mamlaka yenye jina na nguvu iliyosema, "Njia hii iko juu yangu." Palipokosekana msemaji huyo, chombo kipya kilimwongezea msafiri mwendo na kumwachia mashaka yaleyale, na mara nyingine makubwa zaidi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa mwaka 1861. Wasafiri kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, waliondoka Pwani mwishoni mwa 1860, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Walikuwa na nguo, shanga na waya wa shaba, ndiyo fedha ya njia zile, tena kwa wingi. Hata hivyo walikwama miezi mingi. Vita kati ya Waarabu wa Tabora na mtemi Mnywa Sere viliwafanya wapagazi wawe adimu, na huko Uzinza wale waliopatikana walikataa kusonga mbele. Kila mtawala mdogo aliyepitiwa alidai hongo, na kila hongo ilijadiliwa upya kwa siku kadhaa, mzigo ukiwa umekaa chini na watu wakiendelea kula posho. Katika nchi ya Usui, sehemu za Biharamulo ya sasa, ngoma ilikuwa ileile: leo vitambaa, kesho waya, kesho kutwa shanga za rangi nyingine. Speke hakuweza kujua safari yake ingemgharimu kiasi gani, kwa sababu bei haikuwa moja. Ilikuwa bei ya lango baada ya lango, na kila mwenye lango alijua kuwa msafiri aliyekwisha kufika mbali hana nguvu ya kurudi nyuma.

Kisha msafara ukavuka mpaka wa Karagwe, na mambo yakabadilika. Watu wa Omukama, yaani mfalme, Rumanyika waliwapokea wageni wakawaeleza kwamba katika nchi hii wageni hawatozwi, na kwamba wakuu wa vijiji wameamriwa kuwapa chakula kwa gharama ya mfalme hadi wafike kwake. Tarehe 25 Novemba 1861 walifika ikulu. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki akitunzwa hadi Aprili. Tuangalie amri ya Rumanyika kama mkataba wa uchukuzi. Hakuwa na chombo chochote ambacho watu wa Usui hawakuwa nacho. Njia ilikuwa ileile ya miguu, mzigo uleule wa kichwani, vilima na mabonde yaleyale. Alichokuwa nacho ni neno moja lililotangulia mbele ya msafara na kukubalika katika kila kijiji. Mashaka yaliyokuwa yamegawanywa vipandevipande kwenye malango ya watawala wadogo yalichukuliwa yote na mtu mmoja, na msafiri akaanza kuhesabu siku badala ya kuhesabu vitambaa.

Msomaji makini atasema shahidi huyu hafai. Speke alimpenda Rumanyika, alimsifia sura na tabia, na kitabu chake cha 1863 kimejaa dhana za zama zake juu ya nani ni mtu bora na nani ni duni. Hilo ni kweli, na ndiyo maana siegemei sifa zake. Ninaegemea malalamiko yake ya kila siku kuhusu Usui, kimya cha malalamiko hayo alipoingia Karagwe, na jambo ambalo halimhitaji Speke kabisa: wafanyabiashara wa Pwani walikuwa wameshapiga kambi Karagwe kabla yake. Atasema pia kuwa Rumanyika naye alipokea zawadi nzuri, nguo nyekundu na silaha, na kwamba zawadi ni hongo iliyovaa kanzu. Hapa lazima tutenganishe. Zawadi ilitolewa mara moja, kwa mtu mmoja, mwenye mamlaka juu ya njia nzima, na safari ikaendelea hata kabla haijatolewa. Hongo ya Usui ilitozwa kwanza, na haikumfunga anayefuata asitoze tena. Anayepewa zawadi ana deni la hifadhi. Anayetoza langoni hana deni lolote mara mgeni akishampita.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Rumanyika hakufanya hisani, alifanya siasa. Nalikubali, na linaipa hoja nguvu. Baada ya kufa baba yake, Ndagara, ufalme uligombaniwa, na ndugu yake Rogero alikuwa mpinzani wa kweli. Kwa masimulizi yaliyomfikia Speke, mfanyabiashara wa Kihindi Musa Mzuri wa Tabora alitoa pembe za ndovu ili Buganda ipeleke jeshi kumwokoa Rumanyika. Mfalme aliyekipata kiti kwa msaada wa wafanyabiashara alijua thamani ya njia. Karagwe ilikaa kati ya Tabora na Buganda, nayo njia ya magharibi ya Ziwa Victoria ilikuwa mlango mkuu wa bidhaa za Pwani kuelekea kwa Kabaka. Israel Katoke, mwanahistoria aliyeandika kwa kirefu juu ya ufalme huu, ametusaidia kuiona Karagwe kama dola iliyojua nafasi yake katika biashara ya masafa marefu. Kwa hiyo Rumanyika aliyabeba mashaka ya wageni kwa kuwa njia yenye hakika ilimlipa kuliko lango lenye ushuru. Hilo ndilo funzo: anayebeba mashaka ya njia hahitaji kuwa malaika, anahitaji kuwa na cha kupoteza njia ikiharibika.

Kafuro, mwendo wa saa chache kutoka Bweranyange ulipokuwa mji wa mfalme, palikuwa tunda la siasa hiyo. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika hapo Februari 1876 alimkuta Ahmed bin Ibrahim, mmoja wa Waarabu wa kwanza kufika Buganda miaka ya 1840, akiwa ameweka makao, ana ng'ombe na pembe, na anaishi kwa amani na mfalme. Kafuro palitimiza kazi ambayo leo ingefanywa na ofisi ya wakala: mgeni alipata habari za mbele, alibadilisha mali, alitafuta wachukuzi, alipewa mtu wa kumtambulisha. Lakini haki inatutaka tuseme lote. Katika kambi hiyo walikuwamo pia watumwa, na njia iliyokuwa salama kwa mwenye pembe ilikuwa salama kwa anayewapeleka wanadamu sokoni. Mtu aweza kuuliza ni haki gani kuusifu mpango uliompa hakika mnunuzi na kumnyima hakika mnunuliwa. Sisifu matumizi yake. Nasema tu kwamba ulinzi wa njia ni nguvu isiyochagua inamfaa nani, na kwa hiyo ni wajibu wa kila kizazi kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya ulinzi huo.

Na walioachwa nje hawakuwa watumwa peke yao. Mpagazi alikuwa mtu wa mkataba. Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa masimulizi ya Waswahili wenyewe uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, na Desturi za Wasuaheli ya Mtoro bin Mwinyi Bakari ya 1903, ni ushahidi kwamba safari ya bara ilikuwa kazi yenye taratibu: kulikuwa na kirangozi wa kuongoza, mnyapara wa kusimamia, posho ya kila siku, na ujira uliotajwa mwanzoni kwa kituo kinachojulikana. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokataa kumfuata Speke mbele ya Uzinza waliitwa wakaidi na watoro. Ukiusoma mkataba wao vizuri unaona jambo jingine. Waliombwa kuingia nchi yenye vita kwa ujira uliopangwa kwa nchi yenye amani, yaani mashaka mapya yalipakiwa juu ya mzigo wa zamani bila nyongeza. Kutua mzigo na kurudi nyumbani ilikuwa njia yao pekee ya kujadili upya. Mchukuzi aliye huru huweka mpaka wa mashaka atakayobeba, na mpaka huo ni sehemu ya bei.

Ukoloni uliuvunja mpaka huo. Wajerumani walipojenga kituo Bukoba mwaka 1890, chini ya mtumishi wao Emin Pasha, upagazi ulikuwa bado ndiyo lori la nchi, lakini kadiri dola ilivyokaza mkono ndivyo hiari ilivyopungua. Vita Kuu ya Kwanza ilimaliza kabisa unafiki wa mkataba. Waingereza waliishambulia Bukoba Juni 1915, na katika miaka ile pande zote mbili za vita ziliwakusanya wanaume wa Afrika Mashariki kwa mamia ya maelfu wabebe risasi na vyakula. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa bunduki. Jina la Kariakoo, soko maarufu la Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wachukuzi wa vita hivyo. Hapo tunaona hesabu ya mashaka ikiwa imepinduliwa: anayeamuru safari habebi chochote, na anayebeba mzigo amebebeshwa pia njaa, mvua na kifo, bila haki ya kuutua.

Chombo kilichoahidi kumwondolea binadamu mzigo huo kilikuwa mvuke. Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, na katika miaka michache meli za reli hiyo zilikuwa zikilizunguka Ziwa Victoria na kupakia kahawa na ngozi Bukoba. Kwa Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, bado kulikuwa na siku kadhaa za miguu hadi ufukweni, lakini pale gatini alikutana na kitu kipya kabisa: tiketi. Tiketi ni karatasi ndogo yenye ahadi kubwa. Inamwambia abiria kwamba bei yake ni moja na inajulikana, na kwamba kuanzia anapokanyaga ubao wa meli hadi anaposhuka, mashaka ya maji ni ya mwenye meli. Hakuna wa kumdai katikati ya ziwa. Kwa namna fulani tiketi ilirudisha amri ya Rumanyika, safari hii ikiwa imechapishwa kwa wino, na haishangazi kwamba kwa zaidi ya nusu karne meli ndiyo iliyokuwa safari ya heshima ya watu wa Ziwa Magharibi, kama mkoa huu wa Kagera ulivyoitwa hadi 1979.

Lakini tiketi ni ahadi tu, na ahadi hupimwa siku ya msiba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafa. Meli ilijengwa kubeba abiria 430. Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema yote yanayohitajika kwa hoja hii. Kila aliyepanda alikuwa amekabidhi mashaka yake kwa mtu mwingine, na waliokabidhiwa waliyaongeza badala ya kuyabeba, kwa kuruhusu watu kupita kiasi cha chombo. Hakuna familia katika Kagera ambayo haikuguswa kwa namna fulani, kwa ndugu au kwa jirani. Baada ya msiba ule wengi waliapa kutogusa tena maji, wakageukia barabara. Hawakukimbia chombo kibovu pekee. Walikimbia mahali ambapo hawakuwa na sauti yoyote juu ya watu wangapi wapande, saa ngapi waondoke, na nani awajibike.

Barabara nayo haikuwa imetulia. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na mapema Novemba yakalivunja daraja la Kyaka, na kwa muda eneo zima la mpaka likawa la kijeshi. Baada ya vita ukaja uhaba wa mafuta na vipuri, na basi likawa jambo la kusubiri bila kujua siku. Miaka ya 1990, wakimbizi wa Rwanda wakiwa wamejaa Ngara na Karagwe na silaha zimezagaa katika eneo zima la Maziwa Makuu, mapori ya Biharamulo yalijulikana kwa utekaji wa mabasi. Serikali ilijibu kwa kuweka askari wenye bunduki ndani ya mabasi na misafara ya magari yanayosindikizwa. Katika ardhi ileile ambako Speke aliketi siku nyingi akihesabiwa hongo, mtu wa Karagwe wa zaidi ya karne moja baadaye alivuka kwa kusindikizwa na mwakilishi wa dola. Injini ilikuwa imekuja, lami ilikuwa inakuja, lakini kilichomwezesha abiria kusinzia kitini kilikuwa askari aliyekaa mlangoni, yaani neno la mwenye nchi lililotangulia msafara.

Lami ya kutoka Kyaka hadi Bugene, kilomita 59.1, ilizinduliwa rasmi Novemba 2017, na hapo ndipo sura ya leo ya safari ya kukodi ilipokomaa. Gari ndogo ambazo Kanda ya Ziwa wanaziita michomoko hupita zikiokota abiria kituo baada ya kituo, na kila moja inaweza kukodiwa yote kwa safari ya mtu mmoja au familia moja. Mazungumzo ya kukodi hufanyika kwa simu, na ukiyasikiliza utagundua kwamba sehemu kubwa haihusu umbali. Inahusu mashaka. Mafuta juu ya nani? Dereva akingojeshwa hospitalini hadi jioni, nyongeza ni kiasi gani? Akirudi tupu, nani analipia kurudi? Njia ya kijijini ikiwa na tope, anafika mlangoni au anaishia barabarani? Kisha hutolewa arubuni kwa njia ya simu, mara nyingi kiasi cha kujaza mafuta, na kinachobaki hulipwa mkifika. Huo ni mkataba kamili wa uchukuzi, umefungwa bila karatasi, na watu wa Ihanda wanaufunga kwa ustadi kuliko anavyofikiri mtu wa mjini anayebonyeza kitufe.

Wako watakaosema kwamba yote haya ni habari ya wachache, kwani mwananchi wa kawaida hupanda gari la pamoja na kukodi ni anasa. Katika miji mikubwa huenda ni hivyo. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, gari hukodiwa hasa pale ambapo kungoja hakuwezekani: mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Nyakahanga, mwili wa marehemu unaorudishwa nyumbani, bibi harusi na wazee wake, mtoto anayewahi kuripoti shule ya bweni, mkulima mwenye kahawa yake. Fedha huchangwa na ukoo, na mara nyingi huchangwa usiku. Kwa hiyo safari ya kukodi ndiyo safari ya watu wakiwa katika hali dhaifu kuliko zote, na mtu aliye katika hali dhaifu hana nguvu ya kujadili. Kagera inaijua hatari hiyo kwa jina jingine. Butura, yaani kuuza kahawa ikingali mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu shida haingoji mavuno, imewatia umaskini wakulima wengi kwa sababu hiyohiyo: anayelipwa mapema akiwa na shida hubebeshwa mashaka yote ya kesho. Mkataba wa gari la dharura unaweza kuwa butura ya barabarani.

Tena kuna mashaka ambayo mazungumzo ya simu hayayataji kabisa. Nchini Tanzania gari binafsi hubeba namba za njano na gari la biashara namba nyeupe, na rangi hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Gari lililokatiwa bima kwa matumizi ya mwenyewe halijakatiwa bima ya kubeba watu kwa malipo. Abiria aliyekodi gari la namba za njano kwa kuwa ni la jirani na bei yake ni nafuu amenunua unafuu huo kwa kuyachukua mashaka ya ajali yeye mwenyewe, na hakuna aliyemwambia. Na kuna malango. Neno hongo limebadilika tangu siku za Speke. Wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi uliodaiwa mchana na mtawala anayejulikana. Leo ni rushwa, inayotolewa kimya. Dereva anayepanga bei huku akikisia atatoa nini njiani, na kwa nani, anamrudishia abiria bei ya lango baada ya lango. Katika hilo tumerudi Usui, na tumepoteza hata ule uwazi waliokuwa nao watu wa Usui.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni teknolojia. Programu ya simu, wanasema, itaonyesha bei moja kabla ya safari, jina la dereva, namba ya gari na njia yote kwenye ramani, na suala la nani abebe mashaka litakwisha. Naiheshimu hoja hii, kwa sababu programu hizo zimewapa abiria wa Dar es Salaam kitu ambacho hawakuwa nacho. Lakini mwaka 2022, LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, ilipoweka nauli elekezi na kuamua kamisheni ya kampuni isizidi asilimia 15 ya nauli, Uber ilisitisha huduma nchini mwezi Aprili, na ilirejea mwaka uliofuata baada ya masharti kulegezwa. Sihukumu nani alikuwa na haki katika hesabu ile. Ninachosoma ni kwamba nyuma ya ramani na nyota za sifa kulikuwa na swali la zamani la nani anabeba nini, na lilijibiwa na wenye mamlaka wakivutana na wenye mtaji, dereva na abiria wakingoja pembeni. Programu inaweza kuiandika ahadi vizuri. Haiwezi kuwa yenyewe ndiye anayeisimamia, hasa katika kijiji ambako mtandao hupotea bondeni.

Mgeni wa Palermo, basi, hatuzidi kwa gari wala kwa barabara peke yake. Anatuzidi kwa kuwa nyuma ya dereva wake kuna bima inayojua kuwa gari hilo ni la kukodi, leseni inayoweza kufutwa, na mahakama inayoweza kusikiliza madai. Hayo yote ni sura nyingine za amri ileile ya Omukama wa Karagwe. Hatuna sababu ya kuyaona kama vitu vya kigeni vinavyosubiri kuletwa, kwani katika nchi hii palikuwa na wakati ambapo msafara uliokuwa umekamuliwa kwa miezi ulivuka mpaka mmoja ukaambiwa, chakula kipo na hakuna ushuru. Madereva wa miji ya Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe tayari wana vituo na viongozi wao. Kituo kinachokubali kuandika bei za safari zinazojulikana, kuruhusu magari yenye bima ya abiria tu yakodishwe kwa jina lake, na kurudisha arubuni gari lisipotokea, kingekuwa kimebeba mashaka ambayo sasa yako juu ya mgonjwa. Na halmashauri inayosimama nyuma ya kituo hicho ingepata faida aliyoiona Rumanyika mapema: watu hufuata njia yenye hakika.

Jina la mfalme huyo halijasahauliwa. Tangu 2019 limebebwa na Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, jirani na ile ya Ibanda-Kyerwa, na wageni wanaoagiza gari la kuwatoa uwanja wa ndege wa Bukoba hadi hifadhini wataongezeka. Wao wataulizia mapema bei moja ya safari nzima, na watapewa, kwa sababu wana uwezo wa kwenda kwingine. Kipimo cha kama tumeirithi Karagwe ya Rumanyika hakitakuwa jinsi tunavyowapokea hao. Kitakuwa ile simu inayopigwa Ihanda saa nane za usiku, na kama mama aliye upande wa pili wa mazungumzo ataambiwa bei ileile ambayo angeambiwa mchana, katika gari ambalo, likipata ajali, kuna mtu wa kujibu.